Vitabu Vitatu Vyenye Penseli

Gulwe,
4 Machi 2024

Mama Ikram, shikamoo.

Hunijui, nami sikujui zaidi ya alivyonieleza shangazi yangu Loisi, yule anayeshusha magunia ya karanga hapo Majengo karibu na meza yako ya vitabu. Yeye ndiye aliyeibeba barua hii. Amesema wewe ni mtu wa maneno mengi na roho nzuri, ila bei ukishaitaja haishuki hata aje nani.

Kwenye meza yako kuna vitabu vitatu, Baiolojia, Kemia na Fizikia. Ndani ya jalada vimeandikwa Anyesi Eliakimu kwa wino wa bluu, na Loisi kavisoma kwa macho yake. Anyesi ni mimi. Vitabu hivyo nilimwazima mdogo wangu Charles, aliyekuwa kidato cha nne mwaka jana, tukakubaliana akimaliza mtihani vinarudi nyumbani. Alirudi mikono mitupu, akaniambia mchwa walivila kwenye stoo ya shule. Nililia, na nilimwamini. Kumbe mchwa mwenyewe ana miguu miwili na anavaa suruali!

Sikuombi unipe bure. Ulivinunua kwa haki, nami nitavinunua kwa haki. Ila nikueleze kwa nini nataka hivyo na si vingine, maana najua utasema Baiolojia ni Baiolojia tu.

Mwaka 2020 nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na mimba ambayo shule nzima haikuijua. Novemba ya huku unaijua, joto la kukausha mate, na mimi nimevaa sweta. Siku moja katikati ya mtihani uchungu ukanishika nikiwa nimekaa kwenye dawati. Binti yangu Paulina alizaliwa jioni ile, na masomo hayo matatu yaliyokuwa yamebaki yakafanyika bila mimi. Tangu hapo shule yangu watu wanaitaja kama wanavyomtaja marehemu. Mimi nasema haijafa. Nataka kuwa muuguzi, na chuo cha uuguzi hakimchukui mtu bila masomo hayo. Nimeshajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, Novemba hii narudi. Simu yangu niliiuza ili nilipie ada ya kujiandikisha, ndiyo maana unaona barua.

Sasa vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza, na Kiingereza chetu cha shule za kata unakijua. Kwa miaka miwili niliwasumbua walimu na kuazima kamusi, nikaandika kwa penseli maana ya kila neno gumu juu yake, kwa Kiswahili changu mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Leo Kiingereza kimenitoka chote. Nikipewa kitabu kisicho na penseli ile, sisomi ukurasa mmoja nikauelewa.

Niwekee, mama. Usimuuzie mtu. Na nakusihi, ile penseli usiifute.

Anyesi Eliakimu


Majengo, Dodoma,
8 Machi 2024

Mwanangu Anyesi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza peke yangu na ya pili kwa sauti mbele ya majirani wa hapa sokoni, mpaka muuza dagaa akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Mtoto kuja duniani katikati ya mtihani! Huyo Paulina hata akikataa shule, shule haitamkataa.

Mimi Mwanahawa nauza vitabu vilivyotumika, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Nilitoka Kondoa na sanduku moja, leo nina meza mbili na mwavuli. Siri ya kazi yangu ni siku moja tu katika mwaka, siku ya mtihani wa mwisho. Nasimama nje ya geti la shule na viroba vyangu. Vijana wanatoka wanarusha kalamu hewani, wanakumbatiana, wanaapa kwamba kitabu na wao basi tena. Hapo hapo ndipo ninapovikusanya. Ukichelewa mpaka kesho yake, akili zimeshawarudia na bei imepanda. Mdogo wako nilimpata siku hiyo. Wala sikumvuta shati, mwanangu, alikuwa wa pili kwenye foleni.

Vitabu vyako vipo. Sijamuuzia mtu wala simuuzii. Vipo salama, penseli na kila kitu. Nipe wiki mbili nivivike plastiki nzuri, kisha Loisi atakuletea. Habari ya kulipa tutaongea ukishavuna karanga, na hapo usiniletee ubishi.

Wewe jiandae tu. Mtu aliyeficha tumbo chini ya sweta mwezi wa kumi na moja hapa Dodoma hashindwi na mtihani.

Mwanahawa, Mama Ikram


Majengo,
9 Machi 2024

Ikram,

Bodaboda atakuletea hapo hosteli mfuko wenye vitabu vitatu na penseli mbili mpya. Sikupigi simu kwa sababu jambo lenyewe sitaki jirani alisikie, na wewe unajua sauti yangu.

Nimeharibu. Barua ya msichana wa Gulwe nimeiweka humo, isome. Kazi yangu unaijua. Kitabu kikiingia mikononi mwangu, kwanza msasa kwenye kingo, kisha raba kila ukurasa, kisha plastiki. Mteja akiona Kiswahili kimeandikwa juu ya Kiingereza anasema hiki kilikuwa cha mtu mzito kichwani, na bei inaanguka. Vile vya huyu binti nilivifuta mwezi wa kwanza, siku nne nzima, mpaka kidole cha shahada kikavimba. Hata nilimlaani aliyeandika, alivyokuwa akikandamiza ile penseli.

Na jana nimemwandikia kwamba penseli ipo. Usiniulize kwa nini. Nilianza vizuri, nikafika hapo nikaona aibu, nikaandika nilichoandika.

Sasa wewe ndiye msomi wa nyumba hii, tena wa sayansi. Kaa chini, chukua kamusi, andika Kiswahili juu ya kila neno gumu kama alivyofanya yeye. Maswali ya Fizikia yafanye kwa pembeni, nakumbuka yalikuwepo. Una wiki mbili. Na usinihubirie.

Mama yako


Gulwe,
30 Machi 2024

Mama Ikram, shikamoo.

Vitabu vimefika. Plastiki ni nzuri sana, hata baba ameisifia, na baba si mtu wa kusifia kitu.

Sasa niambie, nani aliyeandika humu ndani?

Siku ya kwanza nilidhani labda ni mimi, kwamba miaka mitatu ya jembe imenisahaulisha hata mwandiko wangu. Nilitoka uani, nikaokota kijiti, nikaandika jina langu mchangani ili nilinganishe. Niliogopa, mama. Nilijiambia kama mwandiko tu umenipotea, hicho kichwa cha kufanyia mtihani kiko wapi?

Halafu nikaanza kusoma, na hofu ikageuka hasira. Nimefungua pale majani yanapojitengenezea chakula, nikakuta mwandiko wa kulala, safi kama wa karani, umeandika "usanisinuru." Mimi usanisinuru sijawahi kukutana nao maishani! Mimi niliandika "jani linapika kwa jua." Kwenye figo mimi niliandika "chekeche la mkojo," huyu kaandika maneno matano ambayo nayo yanahitaji kamusi yake. Na kwenye Kemia kuna kile kitu kinachofanya vingine viungane au vitengane upesi, chenyewe kisipungue. Huyu kaandika "kichocheo." Mimi niliandika "mfitini: anawagombanisha wawili, yeye anabaki vilevile."

Fizikia ndiyo iliyomaliza ubishi. Sura nzima ya lenzi imefanywa kwa penseli, na majibu yote ni sahihi. Nimeyalinganisha na yale ya nyuma ya kitabu. Mimi kwenye lenzi sikuwahi kupata hata moja.

Nimekasirika, na nasema wazi kwa sababu wewe si mama yangu wa kunizaa na huwezi kunichapa. Ungeniambia kweli ningelia siku moja, kesho yake ningeamka. Penseli yangu umeifuta?

Anyesi


Majengo,
5 Aprili 2024

Anyesi mwanangu,

Nimeifuta. Mimi, kwa mkono wangu huu wa kulia, mwezi wa kwanza, kabla sijajua kama upo duniani. Kufuta ni kazi yangu na kwa hilo sikuombi radhi. Ninaloomba radhi ni barua yangu ya tarehe nane. Nilijua nimefuta, nikakuandikia penseli ipo. Maneno yako yamenikuta nimefunga, Ramadhani ndiyo inakwisha, na wallahi jioni ile uji wa futari niliuacha ukapoa. Nisamehe.

Mwandiko ule ni wa binti yangu Ikram, anayesoma chuo hapa hapa Dodoma. Aliniambia tangu mwanzo, "Mama, mwenyewe atajua." Nikamjibu kwamba wasomi hawajui biashara. Sasa tangu juzi ananitazama tu na kukohoa kila nikishika raba.

Anakusalimia, na ana ujumbe. Anasema lile neno lake la kwenye Kemia lifutwe, "mfitini" wako abaki. Amelisoma kwa wenzake hosteli, wakacheka hadi wakaambiwa wanyamaze. Na kwa taarifa yako, limeshafika hapa sokoni. Kuna mtu mmoja jirani yangu, jina silitaji, siku hizi akipita watu wanasema kemia inakuja.

Malipo ya vitabu sitaki. Vilikuwa vyako, vimerudi kwako. Ila penseli yako siwezi kuirudisha. Nimefikiri siku tatu, dawa sijaiona, na hilo linaniuma kuliko nilivyotegemea. Mimi ni mtu wa kusema lolote likiharibika nitalitengeneza. Hili limenishinda.

Usiache mtihani kwa sababu yangu. Nakuomba.

Mwanahawa


Gulwe,
12 Aprili 2024

Charles,

Mchwa, hujambo?

Vitabu vyangu nimevipata Majengo. Mama aliyevinunua ameniambia ulikuwa wa pili kwenye foleni. Usinijibu kwa kupiga simu ya baba, maana huko utacheka cheka na maneno yataisha. Andika. Nataka kuliona jibu kwa mwandiko wako. Kwa nini?

Dada yako,
Anyesi


Nkuhungu, Dodoma,
20 Aprili 2024

Dada, shikamoo.

Barua yako imenikuta kijiweni nimekaa juu ya pikipiki nasubiri abiria. Wenzangu waliinyakua wakaisoma kwa sauti. Sasa kijiwe kizima wananiita Mchwa, hata abiria wameanza. Nastahili.

Unataka kweli, haya. Tulitoka kwenye chumba cha mtihani tunapiga kelele, yule mama kasimama na viroba vyake, watu wanauza, na mimi nikauza. Nilinunua chipsi kuku, nikawanunulia na wenzangu wawili. Basi. Vitabu vyako viliishia kwenye sahani tatu.

Njiani nilijiambia nikifika nitasema. Nikafika nikakukuta unatwanga uwele, Paulina umemfunga mgongoni, jasho linakutoka. Nikajiambia, huyu vitabu vya nini tena? Hilo ndilo kosa langu, dada, kuliko zile chipsi. Nilikuona umekwisha. Mchwa niliwatunga hapo hapo mlangoni.

Na wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kusoma Kiswahili chako mwaka mzima. Ile B yangu ya Fizikia ni wewe. Mwalimu wetu alihama mwezi wa nne, hatukuletewa mwingine, nikabaki na penseli yako. Sijawahi kukuambia. Nilitaka watu waone ni akili yangu.

Pesa sina, ila Fizikia ninayo. Kila wiki Loisi akija na karanga nitampa karatasi ya maswali pamoja na njia. Ukipata nitakaa kimya, ukikosa nitakucheka, kama zamani ulivyokuwa ukinicheka mimi. Nimeanza leo. Geuza ukurasa, kuna lenzi.

Mdogo wako,
Charles


Gulwe,
2 Juni 2024

Mama Ikram, shikamoo.

Nilinyamaza karibu miezi miwili. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa hasira, wa pili ulikuwa wa karanga. Sasa nina habari, na nikikaa nayo peke yangu nitapasuka.

Asubuhi moja nilikuwa mlangoni nabangua karanga, Baiolojia iko wazi juu ya paja. Jua ndiyo linachomoza, bado liko chini kabisa, likapiga ule ukurasa kwa ubavu. Nikaona mistari. Nikakiinamisha kitabu kidogo. Jani linapika kwa jua! Maneno yangu yako pale pale, mama, hayana rangi lakini yamechimba karatasi. Wewe ulifuta risasi ya penseli, ila mikandamizo hukuweza. Nilipiga yowe mama akatoka na fimbo akidhani ni nyoka.

Tangu siku hiyo nina kama nusu saa kila asubuhi, kabla jua halijapanda. Nakiinamisha kitabu, nasoma makovu ya penseli, na Paulina ananishikia upande mmoja. Baba mwanzo aliniona kama nimechanganyikiwa. Siku hizi anauliza, "Leo umeokota nini?"

Sasa sikiliza, na usicheke. Nusu ya niliyookota ni takataka! Mshipa unaotoa damu moyoni niliuandika kwamba unaingiza. Ini niliita figo, na figo nikaita ini, kurasa nane mfululizo. Kwenye Fizikia maana za maneno ziko sawa, ila maswali ndio usiseme. Nilivilia vitabu hivi kama mtu aliyefiwa, kumbe kwa sehemu kubwa nilikuwa nalilia makosa yangu mwenyewe. Ningevipata kama nilivyoviacha, ningeingia nayo kwenye mtihani yote, kwa kujiamini kabisa.

Kwa hiyo nimechukua raba, nimeufuta mwandiko wa Ikram, aniwie radhi, na ninaandika upya. Lile langu zuri nalirudisha. Lile lake zuri nimelichukua. Usanisinuru nimeuweka pembeni ya jani linalopika, nimeupenda siku hizi. Na kuna maneno ambayo sasa siyaandikii kitu, kwa sababu nikiyaona nayajua.

Nimekusamehe. Ilikuwa kweli tangu mwezi uliopita, ila sikutaka ujue mapema.

Debe la karanga alilobeba Loisi ni lako na Ikram. Si malipo, ni zawadi. Zirudishe uone.

Anyesi


Majengo,
18 Agosti 2024

Mwanangu Anyesi,

Karanga nimezila zote, Ikram kapata kiganja kimoja. Angekuja mapema.

Nikupe habari ya biashara. Baada ya barua yako niliweka raba chini nikasema nijaribu. Nikatenga upande mmoja wa meza vitabu vyenye Kiswahili cha penseli, sikuvifuta, nikaandika kwenye boksi: VIMESHASOMWA. Wiki ya kwanza hakuna aliyegusa. Wiki ya pili akaja binti wa shule ya kata, akafungua, akasimama anasoma mpaka nikamvutia kigoda. Alirudi kesho yake na wenzake wanne. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiitupa mali kwa raba! Ikram anakuja Jumamosi kuvikagua, maana kama ulivyosema, wengine ini wanaita figo. Anasahihisha kwa penseli nyekundu na kununa.

Charles namwona, hupita hapa kila anapoleta abiria. Mwanzo nilitaka kumkosesha raha. Nikamkuta anachora lenzi kwenye kipande cha boksi akingoja mteja wake anunue vitunguu, nikamwacha.

Wewe soma. Ukichoka lala, ukiamka soma. Na mwaka huu nenda bila sweta.

Ukimaliza nitakuja kusimama getini na kiroba changu. Hiyo Baiolojia naitaka. Taja bei yako.

Mwanahawa


Gulwe,
27 Novemba 2024

Mama Ikram, shikamoo.

Nimemaliza. Sikurusha kalamu hewani, ni yangu, nilirudi nayo nyumbani.

Kituo chetu kilikuwa Mpwapwa. Siku ya kwanza vijana waliniona na kitenge changu na mkoba, wakasimama wote wakaniamkia, "Shikamoo madamu," wakidhani ni msimamizi. Nikaitikia marahaba, nikaenda kukaa nyuma yao. Mmoja aliona haya kiasi kwamba aligeuka mara tatu kuniangalia. Nikamwambia ageuke mbele, mtihani uko huko.

Baiolojia nilitoka natembea kama nimelipwa. Kemia nilimwona mfitini ukurasa wa tatu, nikacheka kwa sauti, msimamizi akanikazia macho. Fizikia, sijui. Swali la lenzi lilikuwepo na nililifanya, ila mengine mawili yalinikwepa, nikayarudia mpaka kengele. Nilipofika nyumbani nilimwambia kila mtu ni nzuri tupu. Wewe nakuambia kweli. Naogopa. Nikianguka Fizikia, chuo hakuna. Na safari hii sina simu ya kuuza, na mama ameshachoka kulea. Hajasema, lakini naona anavyoinuka asubuhi. Sina mwaka mwingine wa kujaribu, mama. Ni huu.

Baiolojia sikuuzii, hata ukija na viroba kumi. Bei haipo.

Matokeo yakitoka mwezi wa kwanza, sitaki kuyasikia kwenye simu ya baba, na majirani wamejaa uani. Namba yangu ya mtihani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ikram anitazamie, wewe uniandikie. Hata kama ni mabaya uandike vilevile yalivyo. Na tafadhali, usimtume Ikram ayaandike upya.

Anyesi


Jumamosi,
25 Januari 2025

Anyesi mwanangu,

Sikuzungushi. Baiolojia B. Kemia C. Fizikia D.

Rudia kusoma kama hukuamini, nitakusubiri. Umefaulu yote matatu. Ikram ameapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hiyo D ni ya kufaulu na chuo kinaipokea, na nimemwapisha mara mbili kwa sababu nakujua, utauliza. Safari hii hakuna mtu aliyegusa penseli. Nimeandika kwa wino, jinsi yalivyo.

Ikram aliyaona juzi akiwa kwenye meza yangu. Nilimnyang'anya simu nikavaa miwani, nikasoma namba yako tarakimu kwa tarakimu, kisha nikakaa chini kwenye viroba vyangu nikalia mbele ya wateja. Nililia kwa kelele. Muuza dagaa akaja mbio akidhani nimefiwa, alipoambiwa naye akaanza. Charles alifika baada ya robo saa, hata sijui nani alimwita. Aliisoma ile D ya Fizikia akasema, "Swali la lenzi alilipata huyu," akaenda kusimama nyuma ya mwavuli tusimwone uso.

Barua hii Loisi hakuibeba. Jana nilifunga meza, kitu ambacho sijafanya Ijumaa yoyote tangu nianze kazi, nikampa Charles ufunguo. Leo alfajiri mimi na Ikram tukapanda basi. Sasa nimekaa uani kwenu juu ya kigoda cha mama yako, karatasi iko magotini, kuku wananizunguka. Mama yako amesema umeenda shambani kupalilia na utarudi jua likiwa utosini. Anajua nina matokeo, na nimekataa kumwambia kabla yako. Amenuna, lakini ananikaangia mayai. Baba yako amepita mara nne kuniuliza kama nimekunywa maji, na mara zote nne ameiangalia karatasi.

Ikram alitaka nikungojee nikuambie kwa mdomo. Nimekataa. Nilikuandikia uongo kwa mkono huu kabla sijawahi kukuona, na sikutaka unione uso kabla mkono huu haujakuandikia kweli.

Paulina ndiye atakayekuletea pale njiani. Ameahidi hatasema kitu, nami simwamini hata kidogo, kwa hiyo soma upesi. Ukimaliza njoo uani. Tope la Gulwe limenifika magotini na viatu vyangu vya sikukuu vimekwisha, basi pitia kisimani uje na maji ya kuoshea miguu.

Mwanahawa